Faraja ya Mgonjwa katika Sanaa ya Kiislamu: Kombe na Utenzi Kando ya Ziwa

Ubora wa sanaa hupimwa kwa mizani nyingi. Wako wapimao uzuri wa umbo, wako wapimao ukweli wa maana, na wako wapimao umri wa kazi yenyewe, wakasema kwamba iliyodumu karne mbili ni bora kuliko iliyosahauliwa katika miaka miwili. Mizani moja hutumiwa kwa nadra katika vyuo vyetu, nayo ni kitanda cha mgonjwa. Mtu mzima aweza kuvumilia shairi baya kwa adabu. Mtu aliyelala kwa ugonjwa mzito hana nguvu za adabu hiyo. Neno lisilomfaa hulipa kisogo akageukia ukuta. Basi twauliza katika makala haya: sanaa ya Kiislamu iliyofika Mwanza na kando ya Ziwa Viktoria humpa nini mgonjwa ambaye dawa haijamponya, na pengine haitamponya? Na akipewa faraja, je, faraja hiyo ni ya kweli, ama ni udanganyifu uliovikwa nguo nzuri?

Swali hili si la vitabu tu. Juu ya kilima cha Bugando, mjini Mwanza, iko hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, kazi ya Maaskofu Wakatoliki, ambayo huwapokea wagonjwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Hapo hulala Mkristo na Mwislamu, na hulala pia mtu ashikaye mila za wazee wake. Jamaa za mgonjwa wa Kiislamu wajapo kumjulia hali huleta uji na matunda, na huleta maneno pia: Sura ya Yasini isomwayo kwa sauti ya chini, dua, au kasida aliyoipenda mgonjwa alipokuwa na afya. Maneno hayo ni fasihi. Mhakiki asiyeyatazama kwa kuwa yasomwa hospitali wala hayasomwi darasani ameiacha fasihi mahali inapofanya kazi yake kubwa.

Sanaa hiyo haikuzaliwa Ziwani, ilisafiri. Njia yake ilikuwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora kuelekea kaskazini mpaka majini. Katika miaka ya 1870 Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo Kageyi, mashariki ya Mwanza, na ndipo Stanley alipoiteremsha mashua yake mwaka 1875. Pamoja na shanga na vitambaa walifika watu waliojua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na penye mtu wa namna hiyo huwapo mgonjwa wa kumwita. Mwaka 1858 una mambo mawili ya kukumbukwa. Tarehe 3 Agosti ya mwaka huo Speke aliliona Ziwa hapo Mwanza, akalipa jina la malkia wa nchi yake, ingawa wenyeji walikuwa na jina la kuliita kabla yake. Mwaka huo huo, katika visiwa vya Lamu, mwanamke mgonjwa alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Habari ya kwanza hufundishwa shuleni katika darasa la historia, na ya pili katika darasa la ushairi. Kwetu sisi zote mbili zakutana, maana lugha aliyotungia mwanamke yule ilikuwa karibu kupanda njia ya misafara hadi Ziwani.

Tuanze na sanaa iliyo ndogo kwa umbo na yenye maisha mafupi kupita zote, yaani kombe. Mwalimu huchukua sahani nyeupe ya kauri. Huchanganya zafarani na maji ya waridi, akapata wino wenye rangi ya manjano iliyokoza, kisha kwa kalamu ya mti huandika aya za Kurani juu ya weupe wa sahani. Wengine huandika katika duara kuanzia ukingoni kuingia ndani, wengine kwa mistari iliyonyoka. Maandishi yakiisha kukauka hutiwa maji, hati yote ikayeyuka, na mgonjwa akanywa. Watu husema fulani ameandikiwa kombe, au fulani amekunywa kombe, na desturi hii yajulikana kutoka pwani hadi bara.

Wahakiki wa sanaa wamezoea kuhifadhi. Hutafuta kazi iliyobaki, wakaiweka nyuma ya kioo, wakaandika tarehe chini yake. Kombe huwashinda, kwa sababu kazi hii hutimia pale inapofutika. Mwandishi huweka ustadi wake wote katika herufi ambazo baada ya saa moja hazitasomwa na jicho lolote. Hatii sahihi yake wala hatarajii sifa. Ukiiweka sahani hiyo katika jumba la makumbusho bila kuoshwa, utakuwa umeihifadhi hati na kuiua kazi. Hapa pana somo kwa kila mtungaji: iko sanaa ambayo msomaji wake ni mmoja tu, na msomaji huyo haisomi kwa macho, huipokea mwilini.

Aya ziandikwazo mara nyingi ni zile sita ziitwazo aya za shifaa, zilizotawanyika katika sura za Tauba, Yunus, Nahl, Israa, Shuaraa na Fussilat. Moja yao yastahili kutazamwa kwa jicho la uhakiki, nayo ni ile ya Sura ya Shuaraa, jina ambalo maana yake ni washairi. Humo Nabii Ibrahimu amweleza Mola wake kwa mfululizo wa vitendo: ndiye aliyemuumba na kumwongoza, ndiye amlishaye na kumnywesha, na awapo mgonjwa ndiye amponyaye, kisha, bila ya kupumua, asema kwamba ndiye atakayemfisha na kumfufua. Mambo mawili yaonekana hapa. La kwanza waliliona wafasiri wa zamani: Ibrahimu hasemi kwamba Mungu humtia ugonjwa, ugonjwa aunasibisha na nafsi yake, na uponyaji aunasibisha na Mola wake. Hiyo ni adabu ya usemi, na ni nahau iliyogeuzwa kuwa heshima. La pili ni mahali pa neno lenyewe. Uponyaji umewekwa katikati ya chakula na kifo. Anywaye kombe hanywi ahadi kwamba hatakufa. Kifo chamngoja katika sentensi ifuatayo, nacho kimetajwa bila ya kelele, kama kitajwavyo chakula. Kwa hiyo maandishi haya, yakisomwa mpaka mwisho, si ya uongo. Uongo huingia pale mtu anapoikata sentensi katikati.

Labda mtu atasema kwamba jambo hili ni la wageni na kwamba Usukumani sanaa na uganga havikujuana. Sivyo. Mashindano makubwa ya ngoma za Wasukuma, yaliyogawa vijiji kwa vizazi vingi kuwa Bagalu na Bagika, husimuliwa kuwa yalianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili washindani, Gumha na Ngika. Wimbo na dawa vilitoka katika mkono mmoja. Makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya mji wa Mwanza, yamehifadhi mengi ya urithi huo. Basi mwalimu mwenye zafarani alipofika kando ya Ziwa hakuwakuta watu wa kushangazwa na maneno yenye nguvu. Aliwakuta watu waliojua tangu zamani kwamba mgonjwa hahitaji jani peke yake; ahitaji na sauti. Kilichokuwa kipya ni kwamba sauti hiyo sasa iliandikwa, na ilikuwa ni sauti ileile moja iliyosomwa Kilwa, Lamu na Maskati.

Sasa twende kwenye tungo. Ziko tatu zifaazo kulinganishwa, nazo zasimama mahali patatu mbalimbali mbele ya ugonjwa.

Ya kwanza ni Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huu wasimulia ugonjwa wa mtu mwingine, nabii wa zamani aliyepokonywa mali, watoto na afya, naye akasubiri. Katika masimulizi ya Kiislamu mkewe hamwachi. Hufanya kazi katika nyumba za watu ili ampatie chakula. Kwa uhakiki wa haki, hapa ndipo penye uzito wa kisa. Subira ya Ayubu imekuwa methali, na methali mara nyingi huwa mzigo kwa mgonjwa. Amwambiaye mtu mwenye maumivu, “Subiri kama Ayubu,” huenda amemwongezea maumivu kwa kumlinganisha na mtu asiyeweza kufikiwa. Lakini mke yule afikiwa. Kila wodi ina watu wa namna yake, walalao sakafuni kando ya kitanda, waamkao kutafuta maji ya moto. Kisa cha Ayubu hufariji zaidi kikisomwa kama kisa cha watu wawili, mmoja aliyeumwa na mmoja aliyebaki. Na mwisho wake wafaa kukumbukwa na watu wa Ziwani: nabii aliambiwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Kombe ni mdogo wa kisima hicho.

Ya pili ni Kasida ya Burudai, iliyotungwa Misri katika karne ya 13 na al-Busiri, na yenye tafsiri katika Kiswahili. Ina beti zipatazo 160 za kumsifu Mtume. Husimuliwa kwamba mtungaji alipooza nusu ya mwili, akatunga kasida hii kuomba shifaa, kisha akamwona Mtume katika ndoto akimfunika joho lake, na alipoamka alikuwa mzima. Kwa hiyo Burudai yatujia pamoja na habari ya kupona. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo hatari yake. Msikilizaji mgonjwa hujua mwisho kabla ya mwanzo, akaisikiliza kama mtu ashikaye kamba aliyoona mwenzake akiokolewa nayo. Asipopona, aweza kudhani kwamba kosa ni lake, kwamba imani yake ilikuwa fupi. Kosa hilo si la kasida. Ni la yule aisomaye kama hati ya malipo: nimetoa beti kadha, nipewe afya kadha. Ukiisoma kasida yenyewe na kuiacha habari ya ndoto nje ya mlango, utaona kwamba sehemu kubwa yake si ombi la mwili hata kidogo. Ni mapenzi, na ni majuto ya nafsi, na ni sifa. Mgonjwa apewa nafasi ya kufikiri juu ya kitu kizuri kisichokuwa mwili wake. Atakayesema kwamba hiyo ni faraja ndogo bado hajaugua sana.

Ya tatu ni Utendi wa Mwana Kupona, nao, kwa maoni yetu, ni mkubwa wao. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mume wake, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, kama aelezavyo katika beti za mwanzo. Alifariki yapata mwaka 1860. Wasomi wengi wameujadili utendi huu kwa mawaidha yake juu ya mke na mume, na wengine wameyalaumu mawaidha hayo kwamba yamfunga mwanamke. Mjadala huo una haki yake. Lakini umewafanya wengi wasahau hali aliyokuwa nayo mtungaji. Utendi wa Ayubu wasema juu ya mgonjwa, Burudai hupokewa kama neno la mtu aliyepona, bali Mwana Kupona asema akiwa ndani ya ugonjwa, mwisho wake haujui.

Tutazame umbo. Utenzi una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya kwanza vyaoana kwa kina chao, ambacho hubadilika katika kila ubeti, na cha nne hurudia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, ambacho hapa ni -ia. Beti zapita mia, na kila mmoja wao, hata ukienda wapi, hurudi nyumbani kwa sauti ileile. Wako wahakiki waonao kwamba marudio haya yachosha. Katika chumba cha darasa huenda yakachosha. Kwa mtu alalaye macho usiku, asiyejua kesho itamletea nini, kujua kwamba sauti fulani itarudi, nayo ikarudi, ni jambo kubwa. Ugonjwa mzito huvunja hesabu ya siku. Kina huijenga upya. Na kwa mtungaji faida yawa kubwa zaidi, maana mtu anayetafuta neno la kumalizia ubeti ana kazi, na mwenye kazi bado yumo duniani.

Tutazame na mpango wake. Utendi waanza kwa kumwita mtoto akae karibu, waendelea kwa mawaidha, na wamalizika kwa dua ndefu. Katika dua hiyo mama awaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, na kwa ajili yake mwenyewe aomba kuondolewa ugonjwa. Hakujifanya shujaa asiyetaka kupona. Aliomba kupona kwa maneno ya wazi, na baada ya miaka miwili hivi akafa. Je, utendi umeshindwa? Hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Kama sanaa ya faraja kazi yake ni kuponya mwili, utendi huu umeshindwa kabisa, na tuufunge. Lakini msomaji yeyote aujua kuwa haukushindwa. Tumaini la mama lilikuwa na matawi mawili: moja lilielekea afya yake, na la pili likamwelekea binti aliyekaa na wino. La kwanza lilikatika. La pili limezaa hata leo, nasi tu katika kivuli chake. Tumaini la kweli ni lile lisilowekwa lote katika chombo kimoja.

Ulimwengu mpana wa Kiislamu ulilijua jambo hili na ukalijenga kwa mawe. Huko Edirne, katika Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyeiona katika karne ya 17 aliandika juu ya waimbaji waliowapigia wagonjwa muziki, na juu ya maua waliyoletewa wapate kuyanusa. Damasko na Kairo zilikuwa na hospitali zenye nyua na maji yatiririkayo, zilizolipiwa na wakfu. Tuangalie kwamba huko walikuwapo matabibu na dawa. Muziki na chemchemi havikuwekwa mahali pa tabibu. Viliwekwa kando yake. Waliojenga hawakuona ugomvi kati ya mkono upasuao na sauti ibembelezayo.

Hili latufikisha kwenye hatari, ambayo si haki kuinyamazia. Mwaka 1011 au mwaka 2011, karne yoyote, mtu mwenye maumivu huamini upesi. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka pande zote za Tanzania na nchi jirani walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu, na wako walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe hicho. Yule hakuwa Mwislamu, wala kikombe chake hakikuwa kombe, lakini mafundisho ni yale yale kwa dini zote. Saratani iliyofika kwa tabibu mapema na saratani iliyochelewa si ugonjwa mmoja. Mwalimu amwandikiaye mgonjwa kombe akamwambia asiende Bugando amefanya dhambi mbili: amemdhulumu mgonjwa, na ameidhalilisha sanaa aliyorithi kwa kuifanya iseme isichokisema. Dini yenyewe yaagiza kutafuta matibabu. Mwalimu aliye mwaminifu huosha sahani, akampa mgonjwa anywe, kisha akauliza gari la kwenda hospitali laondoka saa ngapi.

Kosa la pili ni dogo lakini lahusu uhakiki wetu. Siku hizi madukani huuzwa picha za kiwandani, zenye aya za dhahabu juu ya plastiki, na hutundikwa juu ya vitanda vya wagonjwa. Hatuwalaumu wanunuao. Ila tofauti ipo, nayo ni hii: kombe limeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye jina, na mkono uliotetemeka kidogo katika herufi ya mwisho ulimfikiria yeye. Picha ya kiwandani haikumfikiria mtu. Vivyo hivyo kwa tungo nyingi za pole ziandikwazo kwa haraka, zilizojaa usubiri na uvumilie, zisizojua kama mgonjwa aumwa mguu au aumwa moyo. Tungo za namna hiyo zina vina, hazina mgonjwa ndani yake. Mwana Kupona alimjua amwambiaye.

Kwa wanafunzi walioko Mwanza, na vyuo havikosekani huko, kazi iko wazi. Wakusanye majina ya kasida zisomwazo kwa wagonjwa, waandike zinasomwa na nani na saa ngapi, waulize mgonjwa apendelea ipi na kwa nini. Wafanye hivyo kwa idhini, na kwa upole, na watoke chumbani mgonjwa atakapochoka, maana utafiti hauna haki ya kwanza mahali pale. Watagundua, twatumaini, kwamba wasikilizaji hao ni wahakiki wakali kuliko maprofesa.

Jibu letu kwa swali la mwanzo, basi, ni hili. Sanaa hii humpa mgonjwa vitu vitatu: maneno yaliyokwisha kutumiwa na watu wengine katika hali yake, ili asiwe wa kwanza, mpangilio wa sauti, wakati mwili umepoteza mpangilio wake, na mtu wa kukaa karibu naye, kwa kuwa kombe lataka mwandishi, Yasini yataka msomaji, na utenzi wataka msikilizaji. Haimpi afya, na isemapo kwamba yaitoa huacha kuwa sanaa ikawa biashara. Lakini vitu hivyo vitatu haviuzwi katika duka la dawa, na asiye navyo hufa mara mbili. Mwenye kuvipeleka juu ya kilima cha Bugando, pamoja na uji, amepeleka vyote viwili vilivyo vya lazima.